Neno alilobaki nalo Babu

Ilikuwa Ijumaa, siku ya 11 tangu Babu aanguke. Chumba kimejaa, wazee wa msikitini wamekuja kumjulia hali baada ya swala, wengine mkekani wengine kwenye makochi tuliyoyasogeza ukutani, dua imeshasomwa tumeitikia amin, na Mama anamnywesha Babu chai ya maziwa kwa kijiko maana kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia, mkono, mguu, mpaka mdomo umevutika. Siku zote hizo hajatamka neno hata moja. Alikuwa anatoa mlio tu, aa, aa, afu anatukazia macho kama anasubiri tumjibu, na sisi hatuna cha kujibu. Sasa mimi ndo nilikuwa napitisha sahani ya kashata, nikamgusa Mama kiwiko, kikombe kikayumba, chai ya moto yote ikamwagikia Babu pajani.

"Nyoko!"

Lilitoka zima. Halikukwama popote, lilitoka kwa ile sauti yake ya darasani ambayo tulishaanza kuisahau.

Kimya. Mzee mmoja akainamisha kichwa akawa anavuta tasbihi harakaharaka. Mama kashika kikombe kitupu, na nilimwona usoni kabisa, furaha na aibu zimemjia kwa pamoja na hajui ashike ipi, baba yake kaongea, lakini kaongea nini. Mwisho akasema, "Tusameheni jamani. Sio yeye huyu, ni ugonjwa." Akainuka akaenda kufunga dirisha la uani ili majirani wasisikie kama litatoka tena.

Sio yeye, ni ugonjwa.

Hii ni wiki ya 7 hayo maneno yananizunguka kichwani, nikiwa kazini, nikiwa kwenye basi la kurudi Dar, nikiwa nimelala. Nimeona niandike.

Pilipili

Babu alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, kafundisha Tanga mjini na vijiji vya Muheza mpaka anastaafu. Nikisema Babu hatukani simaanishi kwamba alikuwa anajizuia mbele ya watoto tu, namaanisha watu waliokua naye Ngamiani wanakwambia hawajawahi kumsikia. Neno kali kuliko yote nililowahi kulisikia mdomoni mwake kabla ya ile Ijumaa ni "baradhuli", na alikuwa anaiambia redio, ilikata mawimbi katikati ya mechi ya Coastal Union.

Mimi alinipaka pilipili nikiwa darasa la 2.

Tulikuwa tunaruka kamba uani, mtoto wa jirani akanidhulumu zamu yangu, nikamwambia "mshenzi wewe". Babu alikuwa barazani. Hakupiga kelele. Akaniita kama anavyoniita siku zote, "Bi mdogo, hebu njoo," maana kwake mimi nilikuwa mke mdogo na Bibi ndo mke mkubwa, utani wa babu na wajukuu kila mtu anaujua. Akanishika mkono mpaka jikoni, akachukua pilipili mbuzi moja, akaikata kwa kisu cha kukatia vitunguu, akanipaka mdomoni, juu na chini. Nililia mpaka adhana ya magharibi. Mpaka leo nikisikia harufu ya pilipili mbuzi mbichi midomo inaanza kuniwasha kabla sijaionja.

Usiku akaniita tena akaniuliza kama najua nilichosema. Sikujua. Akaniambia kuna matusi ya nguoni na kuna matusi ya utu, na mimi nimechagua baya zaidi kati ya yote. Matusi ya nguoni, akasema, kila mtu ana nguo na kila mtu ana kilichomo ndani ya nguo, hata ukilitaja hujampunguzia mtu kitu. Ila mshenzi lilikuwa neno la watu wa pwani wakiwaita watu wa bara, asiye na dini yetu, asiyevaa kama sisi, na misafara iliposhuka mpaka Pangani na pembe na watu waliofungwa, wale waliofungwa ndo walikuwa wanaitwa hivyo. Baadaye Wajerumani wakalidaka wakatuita sote, wa pwani na wa bara. Waingereza nao wakalichukua, walowezi wa Kenya wakaliingiza mpaka kwenye Kiingereza chao, shenzi, kwa maana ya kitu cha hovyo, na kamusi zao bado zinalo. Hata mstaarabu, neno la kumsifia mtu, ukilichungulia vizuri utamuona Mwarabu kakaa ndani yake.

"Ukimwita mtu mshenzi," akaniambia, "umemwambia babu yake alistahili ile kamba shingoni."

Nilikuwa mdogo, sikuelewa yote. Nilichoelewa ni kwamba huyu mzee asiyetukana anayajua matusi kuliko mtu yeyote nyumbani.

Utamu wenyewe

Sasa niseme ukweli wangu. Mi natukana.

Sio mbele za watu, na nyumbani Tanga sijawahi. Ila nikiwa peke yangu kwenye foleni ya Ubungo saa 12 jioni, bodaboda kanikwangua kioo cha pembeni na haangalii nyuma, natukana kwa sauti na madirisha nimefunga, na nikimaliza mabega yanashuka. Ninalolipenda ni kenge. Sijui nimelitoa wapi lakini ndo langu. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, tunasema, na ndo uzito wake ulipo, kwamba wewe hata mamba hujafikia. Afu lina raha ya kulitamka. Linaanzia kooni na k, linapita puani, linamalizia mdomo uko wazi unaweza ukalivuta unavyotaka, kengeeee.

Nimekuja kugundua matusi mengi ya Kiswahili yametengenezwa vizuri hivyo. Mbwa, midomo inafunga, pumzi inajaa, afu unaiachia kwa mpigo mmoja. Pumbavu, midomo inafanya kazi mara 3 kwenye neno moja. Na kuna kitu ambacho Babu angekipenda kama mwalimu, angalia tunavyofanya hasira zikipanda, mjinga anageuka jinga, mpumbavu anageuka pumbavu, mshenzi anageuka shenzi. Tunaing'oa ile m ya mwanzo. Ile m ndo ya mtu, ndo inayomweka kwenye ngeli moja na mwalimu na mgeni na mtoto, sasa wewe umeivua umemtupa nje ya ngeli ya watu kwa kukata herufi moja tu. Na ukizidisha unampeleka kwa majitu, lijinga hili, lione. Hakuna aliyetufundisha hivyo darasani, tunazaliwa humo.

Kwa nini inakuwa tamu? Nilidhani ni hasira tu, mtu anatoa moshi basi. Nilipoanza kusoma kwa ajili ya Babu nikakutana na majaribio ya chuo kikuu cha Keele, Uingereza, ya Richard Stephens na wenzake. Mwaka 2009 walichukua wanafunzi wakawaambia watumbukize mkono kwenye maji ya barafu wavumilie mpaka washindwe, mara moja wakirudia tusi, mara nyingine wakirudia neno la kawaida tu la kuielezea meza. Kwenye tusi walivumilia zaidi na walisema maumivu yalipungua. Mwaka 2011 wakarudia wakakuta mtu anayetukana kila siku kutwa nzima, kwake dawa inafanya kazi kidogo. Afu 2020, hili ndo lilinifanya niweke simu chini kwanza, Stephens na Olly Robertson walitunga matusi mapya, fouch na twizpipe, moja limetungwa liwe na ukali, lingine liwe la kuchekesha. Watu wakayasema kwenye barafu. Hayakusaidia kitu kwenye maumivu. Tusi la kweli la Kiingereza lilisaidia, ya kutunga hayakusaidia.

Kwa hiyo sio sauti peke yake. Kenge naweza kuisifia kooni na puani mpaka kesho lakini utamu hautoki huko wote.

Nadhani unatoka kwenye pilipili.

Yaani lazima kuna mtu alikukataza. Lazima uliwahi kupigwa, au uliona mwenzio anapigwa, au uliona sura ya mama yako inabadilika siku ulipolileta hilo neno kutoka mtaani. Hapo ndo neno linapowekewa moto, na ule moto unakaa humo miaka na miaka unakusubiri siku ya foleni au siku ya kidole mlangoni. Angalia maofisini kwetu Dar, mtu anaangusha faili anasema "shit" mbele ya bosi, mbele ya mama mtu mzima aliyekuja na barua yake, hakuna anayegeuka. Huyohuyo hawezi kulisema lile la Kiswahili la maana hiyohiyo, mavi, mbele ya huyo mama, ataona aibu wiki nzima. Jean-Marc Dewaele, mtafiti wa lugha wa London, aliwauliza watu zaidi ya 1,000 wanaoongea lugha nyingi, na wengi walimwambia matusi yana nguvu zaidi kwenye lugha yao ya kwanza. Catherine Harris na wenzake mwaka 2003 waliwapima Waturuki wanaojua Kiingereza jinsi ngozi inavyoshtuka, na waliposikia makaripio ya utotoni kwa Kituruki ngozi ilishtuka kuliko kwa Kiingereza. Ngozi inakumbuka aliyekukaripia. Shit hatukupakiwa pilipili na mtu.

Ndo maana nasikitika nikisikia vijana wanamaliza kila sentensi kwa tusi la mama wa mtu, hata kwenye salamu. Sio kwamba nashtuka. Wanalichosha. Siku watakapolihitaji kweli watalikuta limeshaisha makali.

Wazee wetu hawakuyafuta matusi, waliyapangia siku na mtu. Mtani wako Mnyamwezi anakuja kwenye msiba wenu Wazaramo, anamtukana marehemu mbele ya jeneza, mchoyo huyu kafa na madeni, na waliokuwa wanalia wanacheka na hakuna wa kumgusa. Makunduchi, Zanzibar, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, wanaume wanachapana na mabua ya migomba ili hasira za mwaka zitoke zibaki uwanjani. Simba na Yanga, mtu anaitwa Kolo na mwenzie Utopolo kuanzia asubuhi, jioni wanapanda daladala moja.

Na babu na mjukuu. Hapo pia ruksa imewekwa. Nitarudi hapo.

Nyoko

Baada ya ile Ijumaa neno lilirudi. Jumapili mara 2, Jumatatu sikumbuki mara ngapi. Na halikuja lingine lolote. Mama akawa kila likitoka anainuka, anafunga dirisha, anatoka nje anavuta mlango, na anakaa kule jikoni mpaka macho yakauke. Ujue kwa Mama ni zito kuliko kwetu. Ni baba yake anamwambia yeye, na mama anayetajwa ni Bibi, aliyefariki 2016 na aliyeishi na huyu mzee miaka yote hiyo bila mtu kusikia ugomvi.

Ndo akaja bibi yetu wa Pangani, dada yake Babu, mkubwa kwake kwa miaka kama 3. Akakaa pembeni ya kitanda, akasikia neno lenyewe, akatuuliza sasa nyie mnalia nini. Akasema zamani kwao wazee walikuwa wanasema hivyo bila ubaya wowote. Nyoko ni mama yako. Baba yao alikuwa anawatuma, nendeni mkamwite nyoko.

Nikafuatilia, na bibi ni mkweli. Kamusi za zamani zimelitaja hivyo, nyoko ni mama yako, na nina ni mama, mpaka leo unaikuta nina kwenye mashairi. Wazulu kule kusini wanayo yote mawili, unyoko ni mama yako, unina ni mama yake, ni ndugu zetu wa lugha. Kwetu sisi neno mama limeingia likakaa kwenye kiti, na yale ya zamani yakasukumwa nje, na yakaokotwa na watu wa matusi. Ukisikia kijana anasema kumanina, ile nina ya mwisho ni neno la kale la heshima kabisa, mtoto alikuwa analitumia kwa aliyemzaa. Tusi limelihifadhi.

Niliposoma hayo nililia, sikatai. Maana nilishaiona picha yote. Babu anamwambia Mama, nyoko. Mama yako. Anamuulizia mkewe! Mtu kaanguka, kaamka nusu mwili haupo, anamtafuta mtu wake na hakuna anayemuelewa, na sisi tunamfungia dirisha.

Mama alikwenda kutoa picha ya Bibi sebuleni akaiweka kwenye stuli karibu na mto. Babu aliiangalia muda mrefu sana. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akaweka kidole juu ya kioo, kwenye shela. Hakusema kitu.

Tulisubiri. Hakusema kitu.

Asubuhi yake nesi akaja na sindano, ilipoingia tu, "Nyoko!" Mjomba akamkanyaga kidole cha mguu akimgeuza, "Nyoko!" Rimoti ikaanguka sakafuni kwa kishindo, "Nyoko!" Picha ya Bibi ipo palepale, haangalii hata kule.

Mama alishikilia kwamba anamuita mkewe. Sikumpinga na sitampinga. Ila mimi nilikuwa nishajua. Lilikuwa tusi.

Alhamdu

Daktari alitueleza kwamba damu ilikosekana upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndo sentensi zinapotengenezwa kwa watu wengi. Hali yenyewe ya kupotelewa na maneno inaitwa afasia. Lakini kuna maneno hatuyatengenezi upya, yameshakaa mazima kama yalivyo, kuhesabu, siku za wiki, nyimbo, dua, na matusi, haya yanategemea sehemu nyingine za ubongo, na kwa wagonjwa wengi yanabaki. Ni jambo la zamani kujulikana. Mwaka 1861 Paul Broca, daktari wa Ufaransa, alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne kwenye hospitali ya Bicêtre, miaka 21 anasema "tan" tu, ukimuudhi ndo anatoa kiapo kibaya cha jina la Mungu, kizima. Ubongo wake bado umehifadhiwa Paris. Baudelaire, mshairi mkubwa wa Kifaransa, alipooza Ubelgiji mwaka 1866, na kwa maneno yote aliyokuwa nayo yule mtu alibakiwa na kipande cha kiapo hichohicho, "Cré nom!" Masista waliokuwa wanamuuguza walishtuka sana.

Nilifikiria wale masista. Nikamfikiria Mama na dirisha.

Daktari akasema mjaribuni na vitu alivyovihifadhi. Jioni mjomba akakaa kitandani akamshika mkono, akaanza taratibu sura ya Alhamdu, "Alhamdu lillahi..." Babu akafungua mdomo.

Akaendelea mwenyewe.

Aya kwa aya, mdomo umevutika lakini makhraji, matamshi ya herufi, yapo, mpaka waladh-dhaalin, na nyumba nzima ikasema amin kwa kilio. Mama aliinama akaweka uso kwenye mkono wa baba yake. Mjomba alikuwa amerekodi, akairusha kwenye grupu la familia, mpaka usiku watu wameandika mashallah, mashallah, huyu ndo mzee wetu tunayemjua, Mungu kamhifadhia kitabu chake. Mama akanishika bega akaniambia, "Umeona? Huyu ndo yeye."

Saa 3 usiku tulipombadilisha shuka mguu ukabanwa. "Nyoko!" Hakuna aliyerekodi.

Ile usiku sikulala. Alhamdu ni yeye, nyoko ni ugonjwa. Lakini daktari katuambia vyote vinatoka ghala moja. Vyote vimetoka bila yeye kuvitengeneza. Kama tusi sio yake kwa sababu limejitokea lenyewe, basi na sura nayo imejitokea yenyewe, na kile tulichokililia jioni ni nini? Na kama sura ni yake kwa sababu aliisoma miaka zaidi ya 70 mpaka ikawa sehemu ya mwili wake, basi ile nyoko nayo...

Hapo nilikwama siku nyingi, kwa sababu neno halikai hivyo bila kusemwa. Halijifichi mtu akalibeba miaka 80 bila kulitumia. Kwa hiyo alikuwa analisema wapi?

Nikakumbuka siku 3 baada ya kumzika Bibi. Watu wa matanga wameanza kupungua, nimetumwa kumuita Babu aje ale, nikamkuta nyuma ya nyumba kwenye kibanda cha baiskeli. Baiskeli kaipindua, anagonga pedali kwa nyundo, na kila akigonga anatamka kitu kwa chini, neno moja fupi, pigo na neno, pigo na neno. Nilisimama. Sikumsemesha, nikarudi nikamwambia Mama anasoma uradi, tumwache.

Leo nauliza kama ulikuwa uradi.

Na hata kama haukuwa, simpunguzii kitu. Ndo kwanza nimemuona. Mtu mzima, mwalimu, mlezi wa watu, kashikilia heshima ya nyumba nzima mchana kutwa, akatafuta kibanda chake akatoa kidogo kilichokuwa kinamuua, afu akanawa mikono akaja mezani. Mimi nina gari na madirisha, yeye alikuwa na nyundo.

Kuna kitu kingine nimekiona nikikaa naye, na hiki ndo hasa nilitaka kukiandika toka mwanzo. Alhamdu anaisoma tukimuanzishia. Tukinyamaza haiji. Siku za wiki hivyohivyo, unasema Jumamosi anakufikisha Ijumaa, na Ijumaa ikifika amekwama tena. Hivyo vyote ni sisi tunavyoviita. Nyoko hatumuanzishii. Linakuja lenyewe, na linakuja mahali pake, kwenye sindano, kwenye moto, kwenye kubanwa. Halijawahi kutoka wakati ametulia anaangalia mwembe dirishani. Kwa mtu asiyeweza kusema naumia, asiyeweza kusema maji, asiyeweza kusema jina langu, lile ndo neno pekee analotuambia sisi, sasa hivi, kuhusu kinachompata. Ni mazungumzo. Ndo mazungumzo pekee tuliyobaki nayo kutoka kwake, na Mama anayafungia dirisha.

Mkono wa kulia

Jumamosi iliyopita nilikuwa Tanga. Kijana wa mazoezi ya viungo anakuja kila siku ya pili, siku zingine tunafanya wenyewe. Nilikuwa namnyoosha vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, vimejikunja kama vimeshika chaki. Cha mwisho, kidole kidogo, ndo kigumu kuliko vyote na ndo kinachomuuma. Nikakivuta taratibu, nikahesabu moja, mbili, yeye anahesabu na mimi, tatu, nne.

"Nyoko!"

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Nikamsikia anavuta pumzi.

Sijui nilipataje ujasiri. Nikakumbuka mi ni mke mdogo, na hapa ruksa ilishawekwa kabla sijazaliwa. Nikamsogelea sikioni, nikamnong'oneza, "Kenge wewe."

Akanigeukia. Upande wa kushoto wa mdomo ukapanda, jicho la kushoto likafinyana, na kifua kikaanza kutikisika, na nikadhani anapaliwa, nikamwinua mgongo harakaharaka, kumbe anacheka. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka upande mmoja, na ile kucheka ikamfungua kidole, nikakinyoosha mpaka mwisho bila yeye kushtuka. "Nyoko," akasema tena, polepole safari hii, ananiangalia mimi.

Mama akaweka bakuli kwenye stuli, pembeni ya picha ya Bibi. Akaenda akafunga mlango kwa sababu ya majirani. Ila safari hii alibaki ndani.